Doa ambalo halikutoka kwenye mululuza

Mama yangu anauza dawa za miti Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara inayokwenda mpakani. Mezani pake utakuta magome, mizizi iliyofungwa kwa kamba, majani makavu ya mwarobaini, vipande vya mumbwa kwa wajawazito, na mululuza. Huo wa mwisho ni ule mti mchungu ambao watu wengi hapa Uganda wanao uani. Vitabu vya mimea vimeuita Vernonia amygdalina kwa miaka mingi, na siku hizi wengine wanauita Gymnanthemum amygdalinum. Kwa mama ni mululuza tu. Anafikicha majani mabichi kwenye maji baridi mpaka maji yawe ya kijani na yatoe povu, anachuja kwa kitambaa, anakupa kikombe. Nilipokuwa mtoto nilikinywa kikombe hicho kila homa iliponishika, na uchungu wake hukaa nyuma ya ulimi mpaka jioni.

Kwa hiyo nilipoanza kazi katika maabara moja ya kemia Kampala, na kila mmoja wetu akaambiwa achague mmea wa kuchambua, mimi sikuwa na la kufikiri. Nilitaka kujua ndani ya kikombe cha mama mna nini.

Siku ya kwanza kabisa nilipewa bamba dogo la alumini lililopakwa silika jeli, tabaka jembamba kama rangi ya ukutani. Unapiga mstari sentimita moja kutoka chini, juu ya mstari unadondosha tone dogo la dawa yako, kisha unalisimamisha bamba ndani ya chupa yenye kiyeyushi kidogo, yaani kimiminika cha kuyeyushia vitu. Kiyeyushi kinapanda chenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na kinapopanda kinabeba vitu vilivyomo kwenye tone, kila kimoja kwa mwendo wake. Mimi mstari niliupiga kwa kalamu ya wino. Dakika kumi baadaye kulikuwa na mlia wa buluu uliopanda hadi katikati ya bamba, na juu yake mwingine wa zambarau. Mzee aliyekuwa akitufundisha alilishika bamba kwa ncha za vidole, akalitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole, “Hili la buluu limetoka kwenye jani?”

Akanipa penseli. Hakusema zaidi, nami nilidhani nimeelewa.

Niliporudi nyumbani mwisho wa mwezi, mama alitaka nimweleze ninachofanya huko. Nilihangaika, maana maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya darasani. Mwisho nikamwonyesha barabara. Nikamwambia: mama, tazama asubuhi ya siku ya soko, watu wanavuka mpaka kwa miguu. Umati unawasukuma wote mbele. Mwenye mikono mitupu anapita bila kusimama. Mwenye mizigo anasimamishwa na kila mbadilisha fedha, kila mchuuzi, kila askari. Wameondoka pamoja, lakini saa moja baadaye wametawanyika barabara nzima, na ukiwapiga picha utajua nani alikuwa na mzigo na nani hakuwa nao. Silika ndiyo hao wachuuzi na askari. Kiyeyushi ndicho umati. Vilivyomo kwenye jani ndivyo wasafiri. Ukileta umati wenye nguvu zaidi, hata wenye mizigo mizito watasogea. Mama alicheka kwa furaha, akasema hilo analiona kila siku.

Kazi hii inaitwa kromatografia, na jina hilo alilipa Mikhail Tsvet, Mrusi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, mnamo 1906. Yeye aliipitisha rangi ya majani, iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi, kwenye mrija wa kioo uliojaa unga wa chokaa, akaona kijani kikigawanyika kuwa mikanda ya kijani na ya njano. Neno lenyewe linatokana na Kigiriki, maana yake kuandika kwa rangi, na jina lake la ukoo kwa Kirusi maana yake ni rangi. Kila ninapoona mikanda hiyo ikishuka kwenye mrija wangu namkumbuka, kwa sababu uzuri ule ule alioutazama yeye naweza kuutazama mimi hapa Kampala, kwa majani yaliyochumwa Busia.

Mama alinikaushia majani kivulini, akanitumia kwenye basi. Nikayasaga, nikapata kilo 2 za unga. Kiyeyushi nilichochagua kilikuwa heksani. Sababu nilizoandika kwenye daftari zilikuwa za kitaalamu, lakini ya kweli ni kwamba heksani ndiyo tuliyokuwa nayo nyingi, pipa zima kwenye chumba cha nyuma. Tulikuwa tunaifyonza kwa mpira laini, ule unaopinda, tunajaza chupa. Nililoweka unga siku tatu, nikachuja, nikavukizisha heksani kwenye chombo kinachozunguka huku maji ya chini yakiwa nyuzi 40, nikarudia. Nilichobakiwa nacho kilikuwa nta ya kijani kibichi yenye harufu ya nyasi.

Kupakia safu ya silika ni kazi inayotaka subira kuliko akili. Unachanganya silika na kiyeyushi mpaka iwe kama uji mwepesi, unaimimina ndani ya mrija mrefu wa kioo, unaugonga mrija taratibu ili hewa itoke. Ukiiacha ikauke juu, inapasuka, na mikanda yako inakimbilia kwenye nyufa. Na silika kavu usiivute puani. Barakoa ni lazima, hata kama chumba kina joto. Niliiweka ile nta juu ya safu, nikateremsha heksani kwanza, kisha heksani iliyochanganywa kidogo kidogo na ethaili asetati, kiyeyushi chenye nguvu zaidi, nikipokea matone kwenye vijichupa. Vilifika 214. Kila kijichupa nilikipima kwenye bamba. Umeme ulikatika mara mbili jioni, nikaendelea kwa tochi ya simu, kwa sababu safu haisubiri.

Kuanzia kijichupa cha 61 hadi cha 70 nililiona doa. Lilikuwa moja tu, la mviringo, safi, bila mkia. Chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254 bamba lote lilimetameta kijani na doa likawa jeusi katikati yake. Mtu aliyewahi kufanya kazi hii anajua furaha ya doa lililo peke yake. Vingine vyote vilikuwa vimegandamana, viwili viwili, vitatu vitatu, nami nikapata kimoja kilichotulia hivyo. Nilivikusanya vijichupa vile, nikavukizisha, nikapata miligramu 18 za mafuta mepesi yasiyo na rangi. Usiku ule nilimpigia mama simu. Nilimwambia nimepata kitu.

Miezi minne niliishi na mafuta yale. Niliyasafisha tena, nikayapima kwa viyeyushi mbalimbali, nikayaandikia kurasa. Nilikuwa nimeshayaona moyoni yakiwa na jina.

Hatimaye nikapeleka sampuli kwenye maabara nyingine yenye kromatografu ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Mashine hiyo huipiga molekuli kwa elektroni mpaka ivunjike, kisha hupima uzito wa kila kipande. Mafundi wazoefu huzisoma namba hizo kama watu wanavyosoma nyuso. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta aliangalia mchoro kwa sekunde chache tu. Mstari mrefu kuliko yote ulikuwa 149. Pembeni yake palikuwa na 167 na 279.

“Dada, hii umeitoa wapi?”

“Kwenye mululuza.”

“Hapana, dada. Hii ni plastiki.”

Kilikuwa thaleti, kile kilainishi kinachotiwa kwenye plastiki ngumu ili ipinde. Hakikushikamana na plastiki kwa nguvu ya kikemia, kimekaa humo tu, kwa hiyo kiyeyushi cha mafuta kama heksani kikipita hukichukua. Na 149 ndiyo alama yake, karibu thaleti zote huiacha. Kijana yule alinieleza kwa adabu, wala hakunidharau. Alisema hata kwenye majarida ya kisayansi zipo makala zilizotangaza thaleti kuwa kiambata cha mmea fulani. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Niliumia. Sikuumizwa na kazi iliyopotea kama nilivyoumizwa na ile simu kwa mama.

Kesho yake nilianza kutafuta kilipoingilia, na hiyo ndiyo wiki niliyojifunza kemia kuliko mwaka mzima uliotangulia. Niliandaa chupa tano bila jani lolote. Ya kwanza, heksani kutoka chupa ya kioo iliyotoka kiwandani imefungwa. Ya pili, heksani ya pipa iliyochotwa kwa kioo. Ya tatu, heksani ya pipa iliyopita kwenye ule mpira. Ya nne, heksani iliyoosha silika. Ya tano, iliyopita kwenye karatasi ya kuchujia. Kila moja nilichukua nusu lita, nikaivukizisha mpaka ikabaki mililita 1, nikadondosha matone matano kwenye bamba moja, na pembeni yake nikaweka mafuta yangu. Nililipeleka bamba chini ya taa, moyo unanidunda. Mistari minne ilikuwa mitupu au karibu na utupu. Wa tatu ulikuwa na doa langu, kwa urefu ule ule, duara lile lile.

Wale walionifuata kwenye maabara ile nimewasisitizia jambo hili mpaka wamenizoea. Anza na chupa isiyo na jani. Ipitishe kila mahali jani litakapopita: kwenye chombo kile kile, kiyeyushi kile kile, karatasi ile ile, kwa siku zile zile. Inagharimu heksani na inagharimu muda, na katika maabara ambayo kiyeyushi huagizwa na kusubiriwa wiki nyingi, mtu huona ni ufujaji. Nimeshabishana sana juu ya hilo. Mimi nilitumia lita 15 za heksani na miezi minne kuchambua mpira.

Mpira tuliutupa. Majani hayakai tena kwenye kaveera, yaani mifuko ya plastiki, yanakaa kwenye mifuko ya karatasi, na viyeyushi vinakaa kwenye kioo na kuchujwa upya kwa mvuke kabla ya kutumika.

Nilikwenda Busia kumwambia mama ana kwa ana. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua majani. Kisha akaomba anuse kile nilichokuwa naloweka nacho, nikamtolea kijichupa kidogo. Alikirudisha haraka.

“Hii ni kama petroli,” alisema. “Mwanangu, nani kwetu anakunywa mululuza kwa petroli?”

Aliniuliza kwa dhati, alitaka jibu. Sikuwa nalo. Nilikuwa nimesema nataka kujua kilichomo kwenye kikombe chake, kisha nikatafuta mahali ambapo kikombe chake hakijawahi kufika. Maji na heksani havichukui vitu vile vile kutoka kwenye jani. Heksani inachukua nta, mafuta na rangi ya kijani. Maji yanachukua vile vilivyobeba sukari na vingine vinavyopenda maji. Na povu lile, lililonijaa machoni tangu utotoni, ndilo lililokuwa likinieleza. Jani linalotoa povu kwenye maji mara nyingi lina saponini, molekuli zenye sehemu ya mafuta na sehemu ya sukari, kama sabuni. Hizo heksani haizigusi. Kwenye ile barabara ya mpakani ndio wasafiri wenye mizigo mizito kabisa.

Baadaye nilisoma habari za sokwe wa milima ya Mahale, Tanzania, nikasikitika kwamba sikuanza nazo. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za msitu ule, walimfuata sokwe jike mgonjwa. Alikata tawi la mti huu huu, ambao Watongwe wanauita mjonso, akalimenya gome, akaacha majani, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake machungu. Kesho yake alikuwa na nguvu. Wanakemia wa Kyoto walipouchambua mti huo walikuta glikosidi za steroidi, molekuli zilizobeba sukari, walizoziita vernoniosidi, na pia laktoni chungu kama vernodalini, ambayo imejaa zaidi kwenye majani na inaweza kudhuru ikizidi. Sokwe aliacha majani na gome. Mama naye, bila kuwahi kumsikia sokwe huyo, hampi mtu mzima zaidi ya kikombe kimoja kidogo, na mjamzito hampi kabisa. Nilipomuuliza sababu alisema mama mkwe wake alimfundisha hivyo.

Jambo la maji baridi nalo nililipuuza kwa muda mrefu. Nilidhani ni desturi tu. Lakini nani asiyejua habari za Tu Youyou wa China na dawa ya malaria? Yeye alipochemsha pakanga ya Kichina, Artemisia annua, hakupata matokeo ya kutegemewa. Maandishi ya kale ya karne ya 4 yalimwonyesha kwamba watu wa zamani waliiloweka na kuikamua tu, ndipo akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwa nyuzi 35 hivi, na artemisinini, dawa yenyewe, ikatoka salama. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sisemi mululuza ni artemisia. Ninachosema ni kwamba mtu anapokuambia “maji baridi”, andika kwenye daftari maji baridi.

Kisa kingine kilitokea wakati naanza upya, na ningekiacha kama kisingekuwa cha ukoo mmoja na kile cha mpira. Bibi mmoja mzee, jirani yetu Busia, alikuwa akinywa unga wa mizizi kwa ajili ya magoti. Aliununua kwa mchuuzi anayepita. Aliusifu kwa sababu ulituliza maumivu ndani ya nusu saa. Mama ndiye aliyeshtuka. Aliniambia hajui mzizi unaofanya kazi kwa haraka hiyo, na kwamba bibi yule analalamika tumbo na choo chake kimekuwa cheusi. Nilimwambia ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu choo cheusi kinaweza kuwa damu ya tumboni. Walimpeleka, akatibiwa vidonda.

Unga uliobaki nilikwenda nao Kampala. Niliuloweka kwenye methanoli, nikaudondosha kwenye bamba, na pembeni nikadondosha vidonge vya kawaida vya maumivu vya duka la dawa nilivyovisaga: parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki. Niliongeza matone ya asidi asetiki kwenye kiyeyushi ili madoa yasiburute mikia. Doa kubwa la unga ule lilisimama sawasawa na diklofenaki. Nilibadilisha kiyeyushi, yakasimama sawa tena. Nikadondosha yote mawili mahali pamoja, likapanda doa moja. Bado sikuamini, kwa sababu madoa mawili yanaweza kufikia urefu mmoja bila kuwa kitu kimoja, na mimi doa lilishanidanganya. Mwenzangu aliupitisha kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika ya shinikizo kubwa: muda wa kutoka ulikuwa ule ule, na kilele cha kufyonza mwanga kilikuwa karibu na nanomita 276, kama cha diklofenaki. Tuliandika ripoti, tukaipeleka kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Uganda ina sheria ya tiba asilia tangu 2019, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, hasa kwa ajili ya wauzaji kama mama. Mchuuzi anayetia kidonge ndani ya unga wa mizizi anamwibia mgonjwa afya na anamwibia mama yangu heshima yake, kwa sababu mteja atarudi kumuuliza mbona dawa yake haifanyi kazi ndani ya nusu saa.

Sasa kazi yangu inakwenda hivi. Nakwenda Busia na vyombo vya kioo. Mama anafikicha majani kwenye maji ya chungu chake, kwa mkono wake, kwa muda anaotumia siku zote. Sehemu moja tunaiacha baridi, nyingine tunaichemsha. Chupa ya tatu inajazwa maji ya chungu kile kile, yaliyopita kwenye kitambaa kile kile, bila jani. Nikifika Kampala naziongezea butanoli ili saponini zihamie humo, nadondosha kwenye bamba, napandisha kwa klorofomu, methanoli na maji kidogo, nanyunyizia anisaldehaidi yenye tindikali ya salfuriki ili madoa yaonekane, naweka kwenye joto la nyuzi 105. Madoa yanachomoza polepole: zambarau, buluu, kijani cha kijivu.

Bamba la mwezi uliopita nilimpigia mama picha, nikaenda nayo kwenye simu. Mstari wa maji baridi una madoa saba. Kwenye ule uliochemshwa, doa la tatu kutoka chini limefifia, na sijaandika bado kwamba limefifia, kwa sababu nimeliona mara mbili tu. Mama alikuza picha kwa vidole viwili, akapita juu ya mistari yote, akasimama kwenye wa tatu.

“Hapa mbona hapana kitu?”

“Hayo ni maji ya chungu, mama, na kitambaa chako.”

Alitazama tena, akaridhika, akanirudishia simu. Kisha akaniambia kitambaa kile kimechakaa, amenunua kipya, na kabla hajaanza kukitumia nikichukue kwanza nikakipime.